Kisio la Kwanza

Mnara wetu wa kioo ulipasuka mwaka ule wa mvua nyingi,
sahani ya nne, karibu na bomba la kulishia,
na mkuu wa chuo akaandika "utashughulikiwa"
kwa wino ambao sasa umegeuka kahawia.
Ndipo nikaomba kompyuta. Nikapewa saba.
Tano zinawaka. Moja kati ya hizo haina herufi M,
nayo ndiyo tunayoandikia mvuke, maji, molasi,
kwa kunakili na kubandika.

Humu ndani, nawaambia, mnara ni mistari na duara.
Chora. Panga sahani ishirini. Washa moto kwa kidole.
Ukikosea, hakuna anayeungua.
Jana Isabirye alipandisha shinikizo kupita kiasi,
skrini yote ikawa nyekundu,
akanyanyua mikono kama aliyefunga bao,
akafuta, akaanza upya.
Nami nikaukumbuka mkono wa kushoto wa fundi Odeke
kule kiwanda cha sukari nilikojifunzia kazi,
ngozi yake iking'aa kama nailoni.
Yeye hakupata pa kufutia.

Leo mnara unakataa.
Programu inahesabu, inarudi, inahesabu,
marudio mia, marudio mia mbili,
kisha maandishi mekundu: haijatulia.
Mashine hailijui jibu, nimewaeleza, inalitafuta
kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.
Lazima uiambie ianzie wapi.
Ipe kisio la kwanza.
Wakaandika mia. Wakaandika hamsini.
Apolot akaandika umri wa baba yake.
Haijatulia.

Nyuma, kwenye ile kompyuta isiyo na M,
anakaa Kagoya. Kwao Buyende. Hasemi sana.
"Mwalimu, hii pombe ina nguvu gani kabla ya moto?"
Asilimia nane, nikasema.
Akafumba macho, akanyoosha vidole viwili
kana kwamba kuna kitu mbele yake.
"Bomba la mama likifika hapa
vidole havimalizi kuhesabu mbili.
Matone ya kwanza tunayamwaga, yanapofusha.
Yanayofuata ndiyo yaliyonilipia karo."
Darasa likacheka,
halafu likaacha kucheka.
Akaandika: juu, sabini na tisa. Chini, tisini na nane.

Rudio la sita. La saba. Makosa yakapungua
kama mbuzi wanaoingia zizini mmoja mmoja.
La kumi na moja: kijani.

Nilikuwa na hotuba, ukurasa wa thelathini wa daftari langu,
jinsi zana za kisasa zinavyotuondoa kwenye kubahatisha.
Sikuisoma.
Nikamwomba atueleze pipa la mama yake,
limetobolewa wapi, limezibwa kwa nini
(kwa ganda la ndizi na udongo, akasema),
na bomba la shaba linavyolala
ndani ya mtumbwi mbovu uliojaa maji ya kinamasi.
Tukalichora.
"Sahani ngapi?" akauliza Isabirye.
"Pipa ni moja tu. Ndiyo maana anarudia mara tatu."
Tukaweka tatu.
Kompyuta ikafikiri, ikatoa asilimia sitini na kitu.
Kagoya akainama, akaisoma namba
kama anayesoma barua kutoka nyumbani.
"Hiyo inawaka mwali wa buluu," akasema. "Ndiyo hiyo."

Kisha umeme ukakatika.
Tuko Jinja. Dirisha likiwa wazi
bwawa tunalisikia likiusaga mto
kwa ajili ya taa za watu wengine.
Wakakusanya madaftari kwa mwanga wa simu,
wakibishana, wakitoka, bado wakibishana
kuhusu ganda la ndizi.

Asubuhi niliwasha ile ya nyuma.
Kazi ya wenzake wote ilikuwa imepotea.
Yake ilikuwepo. Alikuwa amewahi kuihifadhi,
mbiombio, bila kunakili, bila kubandika,
na jina la faili lilikuwa
aa.